Hesabu ya Julai

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, 21 Aprili 2024

Dada Candida,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umelala. Mwanao Matilda ameniambia kwamba kiharusi kimekuachia mguu kidogo, ila mkono wa kulia na mdomo bado. Anasema pia simu hutaki tena, kwa sababu maneno yanatoka kama uji na watu wanakujibu "ndiyo mama, ndiyo mama" bila kuelewa. Basi nimenunua karatasi na bahasha. Miaka ishirini na tatu nimeshona nguo kwenye baraza la duka lako hapa Kariakoo na sijawahi kukuandikia hata mstari, maana ulikuwa nyuma ya mgongo wangu unauza masufuria. Barua nitazipeleka ofisi ya vifurushi ya basi, nawe Matilda akusaidie hivyo hivyo.

Leo nimeenda Ziwani peke yangu. Njia ya Jangwani ina matope mpaka vifundoni. Kuna dada mmoja alikuwa anakata matete akaniuliza, "Mama, hili nalo ni ziwa?" Nikamwambia lilikuwa shimo la mchanga, mvua ikalijaza, matete yakaota, ndege wakaja, na rafiki yangu akaliita Ziwa, basi. Akaniuliza rafiki mwenyewe yuko wapi. Nikasema amekwenda kwao Kibosho kupumzika.

Hesabu ya ndege ni hii: yangeyange 31. Mnandi 4, wamekaa kwenye ule mti uliokufa wanakausha mabawa. Kwarara 9. Sile-maua 2 na vifaranga vitatu, vinatembea juu ya majani ya maji kama vimepewa ruhusa. Mdiria 1. Mbayuwayu sikuona hata mmoja, nadhani wamechoshwa na mvua.

Dukani kwako mambo yanakwenda. Athanas anajitahidi, ila wateja wanamuulizia shangazi yake.

Kushika darubini na kalamu kwa wakati mmoja siwezi. Sikujua kwamba kazi ile ilikuwa ya watu wawili.

Mdogo wako,
Moza


Kibosho
5 Mei 2024

Moza,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto. Ukurasa huu umenichukua siku mbili, kwa hiyo usiucheke.

Mbayuwayu hawajachoshwa na mvua. Wamekwenda Ulaya kuzaa. Wanaondoka mwezi wa tatu na wa nne, wanarudi wa kumi. Kila mwaka nakuambia, kila mwaka unasahau. Wewe una macho, mimi nina kichwa.

Hapa kila mtu ananidanganya. Nikitembea vibaya Matilda anasema nimetembea vizuri sana. Watu wa jumuiya wanakuja kusali, wanasema nimenawiri. Kioo ninacho. Daktari anaongea na Matilda mlangoni halafu anageuka ananipa tabasamu. Barua yako niliisoma mara nne kwa sababu ilikuwa na mnandi wanne, na mimi nilijua ni wanne kweli. Uniandikie hivyo hivyo. Ukiona mmoja andika mmoja.

Kuna Sista Severine anakuja kunifanyisha mazoezi. Aliniuliza, "Mama, unataka kutembea uende wapi? Wengi huniambia kanisani." Nilimwandikia: Ziwani, Oktoba, kuwapokea wageni. Amelibandika lile karatasi ukutani. Jana nilifika jikoni. Leo nimefika jikoni na kurudi.

Darubini usiiache juani.

Candida


Mchafukoge
2 Juni 2024

Mwanangu Matilda,

Hii ni ya kwako peke yako, ndiyo maana nimeituma shuleni kwako na si nyumbani. Simu nimeiogopa. Nikikupigia, mama yako yuko pembeni anakusoma usoni.

Ziwa halipo tena. Wiki mbili zilizopita nilikuta tipa tatu zimepanga foleni kwenye yale matete. Nilidhani wanatupa taka, nikawaendea. Dereva mmoja, kijana mwenye heshima zake, akazima injini akaniambia, "Mama, eneo lina mwenyewe. Anataka kujenga maghala. Sisi tunamwaga tu." Jumapili iliyofuata maji yalikuwa yamebaki kama ya kufulia. Leo ni kifusi kitupu, matofali na vigae vya vyoo vilivyovunjika, na greda inasawazisha. Sile-maua alikuwa na vifaranga. Nilizunguka nikivitafuta mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Mama yako anatembea kwa ajili ya mahali pale, ameniandikia mwenyewe. Tangu baba yako, marehemu Gaudens, alipofariki hakukosa Jumapili hata moja pale akitoka misa ya kwanza, mpaka alipougua. Darubini tuliipata kwenye robota la mikoba ya mtumba, na kitabu cha ndege alikinunua kwa bei iliyonishtua. Wewe ulikuwa chuo, ukirudi likizo unatuona vichekesho. Mimi nilimuona akirudi kuwa mtu, Jumapili kwa Jumapili.

Sasa niambie. Nimwandikie nini?

Ma'mdogo wako,
Moza


Moshi
6 Juni 2024

Ma'mdogo Moza,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea maabara nikiwa nimefunga mlango.

Nakuomba usimwambie. Najua ameshakuambia kwamba tunamdanganya, na ni kweli. Lakini wewe humuoni asubuhi. Mwezi wa tatu alikuwa anageukia ukuta, mtori ukipelekwa unarudi ulivyo. Siku hizi anaamka kabla yangu. Anavaa kiatu mwenyewe kwa mkono mmoja, inamchukua robo saa na hataki nimguse. Sista Severine anasema miezi hii sita ya mwanzo ndiyo ya kurudisha mguu, ikipita hivi hivi basi. Daktari naye amesema asipewe mshtuko.

Mwandikie ndege tu, Ma'mdogo. Hata wachache. Oktoba ikifika, akiwa na nguvu, nitamwambia mimi mwenyewe na lawama nitabeba mimi.

Mwanao,
Matilda


Mchafukoge
Jumapili, 7 Julai 2024

Dada Candida,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya Juni yote, kazi za Idi zilinibana, halafu cherehani ikavunjika sindano mara tatu kwa siku moja, mpaka fundi akasema ina shetani.

Ziwani kuzuri. Maji ni safi na matete yamesimama. Ndege ni wengi kuliko siku zote, nimejaza ukurasa mzima. Yangeyange 52. Mnandi 11. Kwarara 23. Kitwitwi 60. Wale wa miguu mirefu myekundu, tuliowaita Warembo, 8. Mdiria 3. Mbayuwayu 140, wametanda juu ya maji kama wanagombea kitu. Nilitamani ungekuwepo.

Vifaranga vya sile-maua vimekua, vinaruka wenyewe.

Nimefurahi kusikia kwa Matilda kwamba umefika mpaka kwenye migomba. Endelea hivyo hivyo. Oktoba si mbali.

Mdogo wako,
Moza


Kibosho
21 Julai 2024

Moza,

Mbayuwayu mia na arobaini mwezi wa saba.

Hawapo, Moza. Nilikuandikia mwezi wa tano. Kitwitwi sitini nao hawapo. Nilifikiri macho yangu, nikavaa miwani. Halafu nikakumbuka mahali nilipoiona hesabu hiyo. Ni ya Desemba 2022, Jumapili uliyopoteza kandambili kwenye tope ukarudi nyumbani na mguu mmoja mtupu. Umefungua daftari letu ukatafuta ukurasa ulioshiba, ukaunakili. Hata Warembo wanane umewaacha wanane.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nilitaka kukasirika tu lakini haikuwa hasira tu.

Unajua nilikuwa nafanya nini na barua zako? Nilikuwa naziweka chini ya mto. Jioni, watu wakishaniambia mambo yao mazuri yote, nilikuwa natoa barua yako nasoma: kwarara tisa. Najiambia, haya, kitu kimoja cha kweli kwa siku ya leo. Nilikuwa na mtu mmoja tu asiyenihurumia. Sasa na wewe umenifanya mgonjwa.

Ziwa limepatwa na jambo, mtu hanakili ndege kama anao. Sema. Kama huwezi kusema, usiandike kabisa. Mkono huu wa kushoto una kazi nyingine.

Candida


Mchafukoge
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ziwa limefukiwa. Walianza katikati ya Mei, wakamaliza Juni mwanzoni. Mwenye eneo anajenga maghala, na nguzo za kwanza zimeshasimama. Mti uliokufa waliung'oa siku ya kwanza. Vifaranga vya sile-maua sijui vilikokwenda. Nilikuandikia kwamba vinaruka. Huo ndio uongo unaoniuma kuliko wa mbayuwayu, kwa sababu ule niliunakili ila huu niliutunga mwenyewe.

Ningeweza kusema niliombwa nisikuambie, na ni kweli niliombwa, na aliyeniomba anakupenda. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nitakueleza ilivyokuwa. Nilikaa mezani na karatasi tupu. Nikaandika "yangeyange", nikashindwa kuweka namba. Hata tatu sikuweza kuitunga. Wewe umenifundisha vibaya, dada, nimekuwa mtu asiyeweza kusema ndege hayupo alipo wala yupo asipokuwepo. Ndiyo nikafungua daftari. Nilijiambia angalau hawa tuliwaona kweli, wote wawili, siku moja walikuwepo. Sikukumbuka kuangalia mwezi.

Sikukufanya mgonjwa kwa kukudharau. Niliogopa ungegeukia ukuta. Huku duka lina mtu, na baraza lina wateja, lakini Jumapili asubuhi mimi nakaa kitandani nimevaa viatu, sina pa kwenda. Nilikuwa naogopa kwa ajili yangu pia.

Moza


Mchafukoge
Jumapili, 8 Septemba 2024

Dada Candida,

Shikamoo. Hujanijibu, na una haki. Naandika kwa sababu nina kitu nimekiona.

Mwezi uliopita nilikuwa naanika nguo juu ya paa baada ya sala ya alfajiri. Yangeyange wakapita juu ya kichwa changu, kumi na wawili, wamenyoosha miguu nyuma. Nikajiuliza hawa wanakwenda wapi, na Ziwa hakuna. Kesho yake nikapanda tena bila nguo. Wakapita vile vile, wanaelekea magharibi, juu ya Kariakoo. Siku ya tatu nikatangulia Ilala nikawasubiri pale, wakapita. Watu wa sokoni walikuwa wananiangalia mtu mzima nimesimama katikati ya njia na uso juu. Mwenye mkokoteni mmoja akaniambia, "Mama, huko juu hakuna kitu, angalia chini utakanyagwa." Wiki iliyofuata nikafika Buguruni, na huko nikawaona wanashuka.

Ni kwenye mabwawa ya majitaka. Yamezungushiwa uzio, lango lina mlinzi, mzee wa makamo anaitwa Vitalis, mtu wa Songea. Nikamwambia nataka kuangalia ndege. Akanitazama kwanza, halafu akasema, "Mama, hapa watu wanapita wameziba pua. Wewe unataka kuingia?" Akanitaka barua ya ruhusa. Nimeifuata ofisini mara tatu. Mara ya tatu karani akachoka, akanigongea muhuri.

Jana nimeingia. Harufu sikufichi, dada, inashika mpaka kwenye mtandio. Nimeoga mara mbili. Lakini maji ni mapana, na kingo zake zina tope laini.

Hesabu ya jana, 7 Septemba, nimehesabu mwenyewe kila ndege mara mbili: yangeyange 19. Kwarara 6. Mrembo 1, amesimama kwa mguu mmoja. Kitwitwi 2, wadogo, wakimbiaji, inawezekana ni wengine nisiowajua. Mbayuwayu hakuna.

Mnandi hakuna. Mdiria hakuna. Sile-maua hakuna.

Moza


Kibosho
22 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na ile ya Agosti pia marahaba.

Sikunyamaza kwa kiburi. Barua ya Ziwa iliponifikia nililia, na nikilia huu mkono wa kushoto nao unagoma. Halafu nilikuwa na ugomvi wa kumaliza na Matilda. Kugombana kwa maandishi ni kazi ngumu. Nikifika mwisho wa sentensi yeye ameshaomba msamaha. Tumekubaliana mambo mawili. Daktari ataongea mbele yangu, na mimi nitakula.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilimwandikia Sista Severine kwamba pale pa kwenda hapapo tena. Akauliza, "Tulibandue karatasi?" Nikakataa, ila kwa siku tisa sikusimama. Nakuambia hili kwa sababu uliogopa ningegeukia ukuta, na ulikuwa na sababu ya kuogopa. Niligeuka kweli. Lakini ukuta ulikuwa wangu, Moza, na kuugeukia au kuupa kisogo ilikuwa juu yangu.

Kilichoniinua si barua ya kuniomba radhi. Ni hiyo "mnandi hakuna". Mtu anayeandika "hakuna" mara nne ndiye yule niliyemjua.

Kitwitwi wako wawili: nieleze. Miguu rangi gani? Wakikimbia wanatikisa mkia? Wanakimbia wakasimama, wakakimbia wakasimama, au hawasimami? Nenda tena uangalie. Mwambie mlinzi kwamba kuna mwanamke mwingine anakuja, na ruhusa iandikwe ya watu wawili.

Natembea kwa fimbo. Ngazi nimepanda nane, za kanisani. Za kwako ni ngapi?

Candida


Mchafukoge
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mwanangu Matilda,

Najua kwenye simu nilikuambia "amefika salama" na kukata. Sikutaka kukusimulia kwa haraka.

Mama yako alishuka kwenye basi Ijumaa amevaa kitenge kipya na amekasirika, kwa sababu kondakta alimbeba bila kumuuliza. Athanas alikuja na bajaji kutuchukua. Jioni tulikaa dirishani. Maneno yake mimi naelewa nusu, nusu nyingine anaandika, na nikikosea ananipiga na kidole cha mkono ulio mzima. Uso wake umebadilika upande mmoja. Nilikuwa nimejiandaa nisishtuke, nikashtuka, akaniona. Aliandika: "Uso ndivyo ulivyo. Zoea." Basi nikaanza kuzoea.

Jana tulikwenda kwenye mabwawa. Vitalis alituletea kiti cha plastiki mpaka ukingoni bila kuombwa. Mama yako alifika kwenye uzio, akavuta pumzi, akakunja uso, akasema neno. Vitalis akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia, anasema inanuka. Vitalis akasema, "Hilo hata mimi nililisikia."

Mkono wake wa kulia haushiki darubini, basi nikasimama nyuma ya kiti nikamshikia mbele ya macho, yeye akaisukuma darubini kwa kidevu, kushoto, kulia, juu kidogo. Mikono iliniuma. Tukakaa hivyo karibu saa nzima. Wale kitwitwi wangu wa Septemba sasa wamekuwa ishirini na kitu. Alipowaona alianza kuniambia, na midomo yake ikakataa, akarudia, ikakataa. Vitalis, aliyekuwa amesimama na bunduki yake ya kizamani, akasogea akainama. Mama yako akarudia mara ya tatu, taratibu. Vitalis akasema, "Wanatikisa mkia. Anasema wanatikisa mkia. Kumbe kweli." Yeye ndiye aliyeelewa, si mimi. Mama yako akamshika mkono wa shati akamkalisha chini pale pale kwenye majani, akaendelea kumfundisha, na mzee wa watu akaendelea kumjibu, "Nimekupata, mama. Na yule mwenye mdomo mrefu je?"

Nikaona wivu kidogo, nakuambia ukweli. Halafu nikapata nafasi ya kuweka mikono chini na kuandika.

Mbayuwayu walikuja kama saa nne, ndege saba. Mama yako hakulia, mimi ndiye niliyelia, na yeye akaniandikia niache kutikisa darubini.

Amesema nikuombe umruhusu akae huku mpaka Krismasi. Nimemuuliza kama ni kuomba au kutoa taarifa, akasema niandike kuomba. Kuna mtaalamu wa mazoezi Athanas amempata, atakuja Jumanne na Ijumaa. Chumba kipo, na mimi nipo.

Anaendelea vizuri.

Ma'mdogo wako,
Moza

Matilda mwanangu, hapa ni mimi, mkono wa kushoto. Moza amekupa karatasi nzima lakini ameruka kitu, nimemkubalia aruke kwa sharti nikiandike mimi. Leo asubuhi nimeanguka kwenye ngazi zake nikipanda bila kushikwa mkono. Ngazi ni kumi na sita, mimi nilifika ya kumi na moja. Goti limechubuka na kiwiko kimevimba. Nilikaa pale chini nikalia sana, majirani wakatoka. Hakuna kilichovunjika. Nimeogopa, na bado naogopa wakati naandika.

Mchana nimepanda zote.

Mama yako